Kuujua Mwezi na Kuushuhudia

Mchana wa Jumamosi, tarehe 29 Machi 2025, jua lilipatwa. Halikupatwa lote, na huku Afrika Mashariki hatukuona dalili yoyote, lakini watu wa Ulaya na wa kaskazini-magharibi mwa Afrika waliuona mwezi ukilimega jua ubavuni. Kupatwa kwa jua maana yake ni kwamba mwezi umepita kati yetu na jua, na saa ya kupita huko hujulikana miaka mingi kabla. Siku ile ilikuwa saa nane kasoro dakika mbili mchana, kwa saa za Afrika Mashariki ambazo ndizo saa za Makka pia. Jua lilipotua Makka jioni hiyohiyo, mwezi ulikuwa haujatimiza saa tano tangu ukutane nalo. Wanafalaki wa nchi za Kiarabu walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba jioni hiyo hakuna jicho wala darubini itakayouona. Usiku Saudi Arabia ikatangaza kwamba umeonekana, na Jumapili ikawa Idi. Falme za Kiarabu na Qatar zikafanya vivyo hivyo. Oman, Misri na Jordan zikakamilisha siku 30 na kusali Idi Jumatatu. Mtu wa pwani yetu mwenye jamaa Jidda na Muscat alipokea takbiri za huku na ukimya wa kule katika simu moja.

Matukio ya namna hii husomwa kwa njia mbili, nami naona zote mbili zina kasoro. Wapo wanaosema kwamba hapa elimu imegongana na dini, na dini haina budi kukubali: ikiwa kompyuta inaweza kutaja sekunde ambayo mwezi utakutana na jua mwaka 2060, kadhi anasubiri nini simu ya shahidi kutoka Lamu? Na wapo wanaojibu kwamba ibada haina haja na wanafalaki, kwamba shahidi mwadilifu akishaapa maneno yamekwisha, hata kama hesabu zote za dunia zinamkanusha. Ninachotaka kukitetea ni kwamba hesabu ina haki kubwa katika jambo hili, ila haki hiyo ina mpaka. Inayo haki ya kumkatalia anayedai kuona kisichoweza kuonekana. Haina haki ya kumwondoa shahidi na kukaa mahali pake. Sababu ya kuuweka mpaka hapo haitoki katika utiifu wa maandiko peke yake. Inatoka pia katika swali ambalo teknolojia inatuuliza kila upande wa maisha siku hizi: je, kuna tofauti yoyote ya maana kati ya kulijua jambo na kulishuhudia?

Tuanze na kile ambacho hesabu inakijua. Kutoka mkutano mmoja wa mwezi na jua hadi mwingine hupita kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44, na mambo yote yanayorefusha au kufupisha muda huo mwezi huu au ule yamepimwa kwa makini. Saa ya mkutano haibishaniwi na yeyote aliyeisoma elimu hiyo. Lakini mkutano si mwandamo. Mwezi unapokutana na jua, upande wake wenye mwanga umeelekea huko kwenye jua na sisi tumeachiwa mgongo wa giza. Lazima uachane na jua kiasi cha kutosha ndipo uzi wa mwanga utugeukie, na lazima uzi huo uwe na nguvu ya kushindana na mng'ao wa magharibi. Katika miaka ya 1930 mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionyesha kwamba mwezi ulio chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua hauna uzi wa kuonekana. Kule Makka, jioni ile ya Machi, haukuwa umefika hata nusu ya umbali huo. Rekodi za watazamaji zinasema hayohayo. Mmarekani Stephen O'Meara aliuona kwa macho matupu mwaka 1990 ukiwa na umri wa saa 15 na nusu, na Mwirani Mohsen Mirsaeed aliuona kwa darubini mwaka 2002 ukiwa na saa 11 na dakika 40. Mwezi wa saa nne na dakika arobaini, kwa jicho la mwanadamu, haupo.

Ukivuka mpaka huo kwenda upande wa pili, uhakika wa hesabu unapungua ghafla. Mwezi wa saa 20 unaweza kuonekana Moshi na usionekane Tanga, kwa sababu ya unyevu wa bahari, vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa, umri wa macho ya mtazamaji, au wingu moja lililosimama pabaya. Mwaka 1997 Mwingereza Bernard Yallop alizigawa jioni za mwandamo katika madaraja sita, kuanzia ile ambayo mwezi huonekana kwa urahisi hadi ile ambayo hauwezi kuonekana kabisa. Ncha mbili za mgawanyo wake hazina utata. Madaraja ya katikati ni lugha ya huenda: huenda ukaonekana hewa ikiwa safi, huenda ukaonekana baada ya darubini kuutafuta kwanza. Kwa hiyo anayesema kwamba hesabu inajua yote kuhusu mwandamo ameitukuza kuliko wanavyoitukuza wenyewe wanaoifanya. Katika jambo hili falaki ni hodari zaidi wa kukana kuliko wa kukiri, na yeyote anayetaka kuipa mamlaka ni vizuri aipe kulingana na nguvu zake halisi.

Mafakihi waliliona hilo zamani. Taqi al-Din al-Subki, kadhi mkuu wa Damascus aliyefariki mwaka 1355, alikuwa wa madhehebu ya Shafi'i ambayo ndiyo yanayofuatwa na Wasuni wengi wa pwani yetu. Alishikilia kwamba hesabu ikionyesha kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa mtu mmoja au wawili hukataliwa, kwa sababu ushahidi ni jambo la dhana na hesabu ya namna hiyo ni jambo la yakini, na dhana haiishindi yakini. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake vimesomeshwa Lamu na Zanzibar kwa vizazi, aliukubali msimamo wa kukataa kwa sharti kwamba wenye elimu ya hesabu wawe wameafikiana. Wengine waliupinga, na ubishi haukuisha. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba yule kadhi wa karne ya 14 hakuwa anaikimbia elimu wala hakuwa anaiabudu. Aliiweka mlangoni pa baraza, imkague anayeingia kutoa ushahidi, na baraza likabaki baraza.

Kuna dhana nyingine inayosemwa sana hata na Waislamu wasomi, kwamba watu wa zamani walitazama mwezi kwa kuwa hawakujua kuhesabu. Kwa pwani ya Waswahili dhana hiyo inakanushwa na kalenda yao wenyewe. Pamoja na miezi miandamo, watu wa pwani walikuwa na mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, wenye siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku. Kwa miongo hiyo nahodha alijua kusi inakaribia na mkulima alijua lini apande, na walikuwapo wajuzi walioishika hesabu hiyo mwaka hadi mwaka bila kuangalia kitu chochote mbinguni. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanywa Makunduchi kila Julai ni ya kalenda hiyo. Walikuwa pia jirani na Mabohora, ambao miezi yao huenda kwa jedwali lililowekwa tangu enzi za Wafatimi, mzunguko wa miaka 30 ambayo 11 kati yake huongezwa siku moja, na ambao kwa ajili hiyo mara nyingi huanza kufunga siku moja au mbili kabla ya Waislamu wenzao wa Mombasa au Unguja. Kuhesabu, basi, kulijulikana na kuliheshimiwa. Kwa upepo na shamba watu walihesabu. Kwa Ramadhani walitoka nje wakatazama. Jamii iliyoweza kufanya yote mawili, ikachagua lipi lifanyike wapi, inastahili kuulizwa ilikuwa inalinda nini.

Naona ilikuwa inalinda aina fulani ya ujuzi ambayo haina nafasi katika jedwali. Ujuzi wa kawaida unaweza kuhifadhiwa na kusafirishwa. Huandikwa, hupigwa chapa, hutumwa kwa satelaiti, hufika kwa mtu aliyelala, na thamani yake haipungui hata kidogo kwa kuwa aliyeupokea hakuwapo. Ushahidi hausafiri hivyo. Shahidi lazima awe alikuwapo, na anapolisema aliloliona analiweka pamoja na jina lake; akisema uongo, au akikosea kwa uzembe, kinachoharibika ni yeye. Upande wa pili, anayemsikiliza lazima amjue, au awajue wanaomjua. Katika fikihi ya Shafi'i shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuuanzisha mwezi wa Ramadhani na wawili wanahitajika kuumaliza, na uadilifu wao hauthibitishwi na cheo wala shule. Mvuvi wa Pate asiyejua kusoma anaweza kuwafungulia Idi maprofesa wa nchi nzima. Kadhi atamuuliza aliuona upande gani wa jua lilipotua, pembe zake zilielekea wapi, ulikuwa juu kiasi gani, alikuwa na nani. Baada ya hapo mamilioni ya watu watakula au watafunga kwa neno la mtu huyo. Ni vigumu kulifikiria jambo lingine la umma lililobaki, katika nchi zetu, ambalo neno la mtu wa kawaida linabeba uzito wa namna hiyo.

Mambo mengine mengi yamekwenda njia ya ujuzi usiohitaji shahidi. Zamani mtu aliyetaka mkopo alihitaji mdhamini, yaani mtu aliyemjua na aliyekuwa tayari kupata hasara kwa ajili yake. Tangu M-Shwari ilipoanza nchini Kenya mwaka 2012, mamilioni wamekopeshwa kwa kuwa programu imezisoma nyendo za simu zao. Zamani mipaka ya shamba ilithibitishwa na wazee walioijua miti. Leo inathibitishwa na vipimo kutoka angani. Silalamikii mabadiliko hayo. Wako wengi, hasa wanawake, ambao hakuna aliyekuwa tayari kuwadhamini na sasa wanakopa, na wazee waliojua miti waliweza pia kuhongwa. Lakini faida hiyo inakuja na mazoea mapya ya akili, nayo ni kuamini kwamba jambo limethibitika pale tu hakuna mtu anayehitajika kulithibitisha. Jamii yenye mazoea hayo haina haja ya kuwajua watu wake, na uaminifu wa mtu unabaki kuwa sifa yake binafsi isiyotumika popote. Swali la mwezi ni dogo ukilinganisha na mikopo na mashamba, lakini ndipo mahali ambapo watu wengi bado wanalijadili jambo hili kwa sauti, na wanalijadili kwa kuwa wanahisi kwamba kuna kitu kinachukuliwa.

Pingamizi la kwanza, na pengine lenye nguvu kuliko yote, linatoka msikitini kwenyewe. Hakuna muadhini leo anayechomeka kijiti ardhini kupima kivuli kabla ya kuadhini adhuhuri. Anaangalia saa ya ukutani na ratiba iliyopigwa hesabu kwa mwaka mzima, na hakuna anayesema kwamba sala zimebatilika. Misikiti mikubwa ya Misri na Sham iliajiri wahesabu wa nyakati tangu zama za Wamamluki; Ibn al-Shatir, mmoja wa wanafalaki wakubwa wa karne ya 14, alikuwa mhesabu wa nyakati wa msikiti wa Bani Umayya huko Damascus. Kama jua limekabidhiwa kwa hesabu, mwezi una nini? Jibu moja lilitolewa na al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 1285: sala imefungamanishwa na wakati wenyewe, kwa hiyo njia yoyote inayoujua wakati inatosha, lakini saumu imefungamanishwa na kuonekana kwa mwezi, na kisipotokea kile kilichotajwa basi sharti halijatimia. Mimi nitaongeza jibu la pili. Adhuhuri hufika kila siku na haihitaji kuafikiwa na watu. Kila mmoja anaweza kuithibitisha kwa kivuli chake mwenyewe akitaka, na akikosea amekosea peke yake. Mwezi mpya ni jambo linalotangazwa. Unawafanya watu waingie katika hali fulani kwa pamoja, wafunge pamoja na wafungue pamoja, na jambo linalofanywa kwa pamoja lina haki ya kuuliza ni nani amelileta.

Pingamizi la pili ni la Ahmad Muhammad Shakir, mwanahadithi wa Misri, aliyeandika risala juu ya jambo hili mwaka 1939. Mtume aliwaeleza watu wake kuwa ni umma usioandika wala kuhesabu, na akawaagiza wafunge kwa kuuona mwezi na wafungue kwa kuuona. Shakir akasema kwamba kutojua hesabu ndiyo sababu ya hukumu, na sababu ikiondoka hukumu huondoka nayo: umma ukijifunza kuhesabu, unawajibika kuhesabu. Ni hoja nzuri, na aliyeitoa alikuwa mtu wa hadithi asiye na papara. Inaniridhisha nusu. Ikiwa hukumu inazunguka na sababu, ni haki kuuliza kama sababu ilikuwa moja. Agizo la kutazama lilikuja pamoja na agizo jingine: mawingu yakifunika, kamilisheni siku 30. Yaani watu hawakuagizwa kuutafuta mwezi ulipo kwa hakika. Waliagizwa wafanye juhudi ya macho, na juhudi ikishindwa waache, hata kama nyuma ya mawingu mwezi upo. Sharia iliyotaka usahihi wa mbinguni isingeridhika na hilo. Iliridhika kwa kuwa ilitaka kitu kingine, yaani mwanzo wa mwezi usiozidi uwezo wa watu waliopo mahali fulani jioni fulani. Kujifunza hesabu hakuiondoi haja hiyo.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi mitaani: umoja. Tukubali hesabu, inasemwa, na mizozo ya kila mwaka itakwisha. Ningependa iwe kweli, lakini ushahidi unakwenda kinyume. Hesabu haitoi tarehe mpaka ipewe kwanza kigezo, na vigezo viko vingi. Kalenda ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia hutumia mkutano uliotokea kabla ya jua kutua pamoja na mwezi kutua baada ya jua huko Makka. Kikao cha Istanbul cha mwaka 1978 kilitaka mwezi uwe umeachana na jua kwa digrii 8 na uwe digrii 5 juu ya upeo. Indonesia na majirani zake hutumia digrii 3 za urefu na 6.4 za umbali kutoka kwenye jua. Baraza la Fikihi la Amerika ya Kaskazini lilikubali hesabu mwaka 2006, na tangu hapo Waislamu wa Marekani hawajapata Idi moja; wamepata sababu moja zaidi ya kutofautiana. Waumini wawili wanaofuata hesabu, kila mmoja akiwa sahihi kabisa katika hesabu yake, wanaweza kusali Idi siku mbili mbalimbali. Na Mabohora, ambao kweli wana umoja, hawakuupata kwa jedwali lao. Wameupata kwa kuwa wana Dai mmoja, yaani kiongozi wao wa dini, wanayemtii. Umoja hutoka katika makubaliano ya nani asikilizwe, na jambo hilo hakuna darubini inayoweza kuliamua.

Tena mizozo yenyewe haikuletwa na kutazama. Zamani mwezi ukiandama Unguja usionekane Kilwa, habari ilifika kwa jahazi baada ya siku kadhaa, na kila mji ulikuwa umekwisha kusali Idi yake kwa amani. Tofauti ilikuwapo, ila haikuwa na wakati wa kuwa ugomvi. Simu ya waya, kisha redio, kisha televisheni na sasa WhatsApp vimezileta tofauti hizo zote katika chumba kimoja na usiku mmoja, na vikauliza swali ambalo babu zetu hawakulazimika kulijibu: mji wangu unaishia wapi? Anayefungua na Makka na anayefungua na Mombasa hawatofautiani juu ya mwezi. Wanatofautiana juu ya umma wanaouhesabu kuwa wao, kama ni majirani wanaokutana nao sokoni au ni mkusanyiko wanaouona kwenye skrini. Mimi naegemea majirani, kwa sababu mafakihi wa Shafi'i waliuachia kila upeo mwezi wake, na kwa sababu ni kwa jirani peke yake ambapo ninaweza kufanya kazi ya shahidi na ya msikilizaji. Lakini naelewa mvuto wa upande wa pili, na sidhani kama unatokana na ujinga.

Pingamizi la nne ni la kiutendaji. Katika nchi zetu kalenda za ukutani huandika kando ya Idi kwamba itategemea kuandama kwa mwezi, na shule, benki, mahakama na viwanda husubiri mpaka usiku. Kwa Waswahili walioko Uingereza au Kanada ni shida zaidi, kwani mwajiri anataka tarehe ya likizo miezi mitatu kabla na mbingu za huko hufunikwa kwa wiki nzima. Sitaki kuifanya shida hiyo iwe ndogo kuliko ilivyo. Hata hivyo shaka yenyewe ni ya siku moja, baina ya mbili zinazojulikana, na serikali zetu zimeishi nayo miaka yote ya uhuru. Anayeishi chini ya mawingu ya kaskazini anaweza kufuata ushahidi wa mji wa karibu wenye anga safi, kama walivyofanya wengi daima. Na kuna faida ndani ya usumbufu huo inayostahili kuhesabiwa. Katika maisha yaliyopangwa kwa dakika, jioni ya tarehe 29 ni mojawapo ya jioni chache ambazo tajiri na kibarua, waziri na dereva wake, wote hawajui kesho ni siku gani.

Teknolojia mpya zimelipeleka swali mbele zaidi. Tarehe 8 Julai 2013, siku ya mkutano uliotangulia Ramadhani ya mwaka 1434, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi katika sekunde yenyewe ya mkutano, mchana, jua likiwa linawaka. Alitumia kamera inayonasa mwanga usioonekana na macho na kizuizi cha kuukinga mwako wa jua, kisha picha nyingi zikaunganishwa kwa kompyuta ili uzi ujitokeze. Mwaka 2025 Falme za Kiarabu zilitangaza kwamba zitatumia droni katika kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Je, mwezi wa picha hiyo umeonekana? Darubini ya kawaida hainisumbui: ni jicho lililosaidiwa, na kuna mtu nyuma yake anayeweza kuapa. Lakini katika picha ya Legault hakuna mtu aliyeona chochote. Kilichopo ni tofauti ndogo ya namba ambayo programu imeifanya iwe umbo. Kuiita picha hiyo ushahidi kungetufikisha mahali pa ajabu: mwezi ungekuwa "unaonekana" kila mwezi sekunde ileile ya mkutano, kamera zikiwa nzuri vya kutosha, na kutazama kungekuwa jina la heshima tu kwa hesabu. Afadhali anayeitaka hesabu aseme hivyo waziwazi kama Shakir alivyosema.

Kuna jambo moja ambalo anayenipinga anaweza kulisema na nitakubali. Watu wengi sana hawatazami. Dar es Salaam jioni ya tarehe 29 wengi wanatazama simu, wakingojea tangazo la Mufti, na kwa magorofa na taa za mji huo hata wakitoka nje magharibi haionekani. Kutazama kumebaki kazi ya wachache wa mwambao na vijijini, na tangazo limekuwa ndilo mwandamo. Ni kweli, na hali hiyo ilianza na redio, kabla ya programu yoyote ya falaki kuingia mikononi mwa watu. Lakini kutoka katika ukweli huo haifuati kwamba hao wachache nao waache. Katika lugha ya fikihi kuutafuta mwezi ni wajibu wa baadhi kwa niaba ya wote, na wajibu wa namna hiyo unavunjika siku ile tu baadhi hao wanapokosekana. Anayesubiri tangazo Kariakoo bado anasubiri neno la mtu fulani aliyesimama ufukweni. Uhusiano huo ni mwembamba kuliko zamani, ila haujakatika.

Yanayofuata kutoka haya kwa ofisi za Kadhi Mkuu wa Kenya, Mufti wa Tanzania na Mufti wa Zanzibar si magumu. Siku chache kabla ya mwandamo ofisi hizo zinaweza kuutangazia umma kile hesabu inachosema: jioni hii mwezi hauwezi kuonekana popote katika ukanda wetu, basi yeyote atakayedai kuuona hatapokelewa, au jioni hii unaweza kuonekana, tokeni mtazame, magharibi upande wa kushoto au wa kulia wa mahali jua litakapotua. Tangazo la namna hiyo linafanya kazi mbili. Linamzuia mtu aliyeona nyota ya Zuhura au mstari wa ndege asiutie mji mzima makosani, na linamfundisha mtoto wa shule wapi aelekeze macho, kwa hiyo hesabu inaongeza watazamaji badala ya kuwapunguza. Wanafalaki tunao, na wengi wao ni waumini.

Limebaki suala la Arafa, ambalo sidai kwamba hoja yangu inalimaliza. Kusimama Arafa ni tukio la mahali pamoja duniani. Kwa karne nyingi watu wa pwani walifunga tarehe tisa ya Mfungo Tatu kwa mwezi wao, wasijue kama mahujaji wamesimama siku hiyo au la, na hakuna aliyewaambia kwamba saumu zao zimekosa siku. Leo wanawaona mahujaji moja kwa moja kwenye televisheni, na Makka ikitangulia kwa siku moja, anayefunga kwa mwezi wa hapa anafunga huku akitazama watu wakichinja Mina. Nashikilia kwamba kuona picha ya tukio la mbali hakubadilishi tarehe ya mahali ulipo, kama vile kusikia adhana ya Makka redioni hakumfanyi mtu wa Zanzibar asali. Lakini saa za sala zinatofautiana kwa dakika na kila mtu anajua sababu, ilhali siku ya Arafa imebeba jina la mahali na la kitendo cha watu waliopo hapo. Anayefunga siku wanayosimama mahujaji ana hoja ambayo mwenye kufuata Makka katika Ramadhani hana, na sioni ni kwa dalili gani ningemwambia aiache.